Timu za shule za sekondari Marekani: ubingwa wa taifa hutolewa na nani?

Mama wa Columbus ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninaishi Columbus, jimbo la Ohio, na mwanangu wa kwanza anachezea timu ya mpira wa Kimarekani ya shule yake ya sekondari. Mimi nimekulia Tanga, ambako ukisema mpira watu wanajua ni mpira wa miguu, kwa hiyo mchezo huu nimejifunza ukubwani, kwa kukaa jukwaani kila Ijumaa usiku na kumuuliza jirani kila filimbi inapolia.

Oktoba iliyopita mwanangu aliniomba nimpeleke Massillon, mji mdogo uliokua kwa viwanda vya chuma, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kutoka kwetu, akauone uwanja uliopewa jina la kocha wa zamani, Paul Brown. Sikutegemea kuona umati wa namna ile kwa ajili ya watoto wa shule. Maelfu ya watu, wengi wao wakubwa kuliko mimi, walivaa rangi ya chungwa na nyeusi, na mchezaji akiangushwa walimtaja si kwa jina lake tu bali na la baba yake aliyecheza uwanjani hapo hapo. Mzee aliyeketi kando yangu alinieleza kwamba timu ya mji wao ilikuwa ya kwanza Marekani nzima zaidi ya mara moja, na kwamba hadi leo mtoto wa kiume akizaliwa pale hupewa mpira mdogo na chama cha mashabiki angali mchanga hospitalini. Nilipomuuliza fainali ya taifa ilichezewa wapi, alinijibu kwa upole kwamba hapakuwa na fainali.

Jibu hilo limenikaa moyoni. Kama hapakuwa na fainali, ni nani aliyetamka kwamba timu fulani ni ya kwanza? Na mbona majina anayoyataja mwanangu leo ni ya California na Las Vegas, wakati yale ya mzee yule yalikuwa ya Ohio? Nauliza kwa sababu kijana ameanza kunishawishi kwamba mchezaji asiyesoma katika shule iliyo juu kwenye orodha hizo haonekani na vyuo vikuu, na ningependa kujua orodha zenyewe zimetoka wapi kabla sijamjibu.

Mzee wa Maktaba amejibu:

Dada, nakupongeza kwa kuuliza swali ambalo hata wenyeji wengi hulipita. Mzee wako wa Massillon alikwambia kweli. Shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya shule za sekondari, linalojulikana kwa kifupi kama NFHS, hutunga kanuni za mchezo, lakini haliandai ubingwa wa taifa. Kila jimbo lina chama chake, kila chama kina madaraja yake na mchujo wake, na msimu huishia kwa bingwa wa jimbo. Kinachozidi hapo ni maoni ya watu, na maoni hayo yana historia ndefu.

Mwanzoni ubingwa ulidaiwa kwa safari. Timu iliyokwisha kuwashinda majirani wote iliiandikia timu ya mbali barua ya kuipa changamoto, ikapanda treni, na iliyoshinda ikarudi nyumbani na jina. Mwaka 1912 shule ya Oak Park, nje kidogo ya Chicago, ikifundishwa na Robert Zuppke, ilisafiri hadi Boston na kuifunga Everett ya Massachusetts 32-14 katika uwanja wa Fenway Park, ambao ulikuwa umefunguliwa mwaka huo huo. Zuppke baadaye alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Illinois na akawa miongoni mwa makocha wakubwa wa enzi yake. Siku ya Mwaka Mpya wa 1921, Everett nyingine, ile ya jimbo la Washington, iliifunga East Technical ya Cleveland 16-7 na kujitangaza bingwa. Majina hayo mawili yamewachanganya wengi: Everett moja iko pwani ya mashariki na nyingine iko pwani ya magharibi, na kati yao kuna bara zima.

Ukitaka kujua mchezo huu wa shule ulikuwa na uzito gani wakati huo, tazama Chicago mwaka 1937. Austin, shule ya umma, ilikutana na Leo, shule ya Kikatoliki, katika uwanja wa Soldier Field, na umati uliohudhuria ulikadiriwa kuwa zaidi ya watu 100,000. Walikuja kumwona kijana mmoja wa Austin, Bill DeCorrevont, na Austin ikashinda 26-0. Huo haukuwa mchezo wa taifa, wala haukuwa hata wa jimbo. Ulikuwa wa jiji moja tu. Miaka miwili baadaye, siku ya Krismasi ya 1939, Garfield kutoka New Jersey ilisafiri hadi Miami na kuifunga timu ya wenyeji 16-13, katika mechi iliyochangisha fedha za kupambana na ugonjwa wa polio. Waliohudhuria waliihesabu kuwa fainali ya taifa, kwa sababu tu ilikutanisha kaskazini na kusini.

Sasa nije Massillon, kwa kuwa umefika. Paul Brown alikulia mji ule, alicheza pale akiwa mwanafunzi, na akarudi kuwa kocha kuanzia 1932 hadi 1940. Katika miaka hiyo tisa timu yake ilishinda mechi 80, ikapoteza 8 na kutoka sare 2. Kikosi cha 1940 kilicheza mechi 10, kikafunga pointi 477 na kufungwa 6 tu. Nakuomba uitazame tena hiyo 6: ni tachidauni moja, yaani mpira kufikishwa mara moja tu katika eneo lao la goli, kwa msimu mzima. Chuo Kikuu cha Ohio State kilimchukua Brown mwaka uliofuata, na baadaye akaiunda timu ya kulipwa ya Cleveland iliyobeba jina lake. Uwanja uliokaa, uliofunguliwa 1939, ulijengwa kwa ajili ya umati alioukusanya yeye.

Hata hivyo, Massillon ya 1940 haikutoka kwenda kukutana na bingwa wa Texas wala wa Florida. Jina la kwanza kitaifa ililipata kwa sifa, na kwa kazi ya watu waliokuja baadaye kukaa na magazeti ya zamani na kulinganisha matokeo. Aliyeifanya kazi hiyo kwa uvumilivu kuliko wote ni Art Johlfs wa Minnesota, ambaye mwaka 1959 alianzisha huduma ya habari iliyotangaza bingwa wa taifa kila msimu na kurudi nyuma kutaja mabingwa wa miaka iliyopita. Kwa hiyo dada, swali lako la kwanza lina jibu la kushangaza kidogo: kwa miongo mingi, aliyetamka alikuwa mtu mmoja mwenye meza, stempu na marafiki wa kumtumia vipande vya magazeti.

Fundi wa Takwimu amejibu:

Naongeza pale Mzee alipoishia, kwa kuwa mambo yalibadilika sana mwaka 1982.

Mwaka huo gazeti la USA Today, lililokuwa limezaliwa tu, lilianza kuchapa orodha ya timu 25 bora za nchi kila wiki, ikiandaliwa na Dave Krider, mwandishi wa michezo kutoka Indiana. Kabla ya hapo kijana wa Georgia angeweza kumaliza shule bila kujua nani anasifiwa Pennsylvania. Baada ya hapo orodha ilimfikia asubuhi pamoja na matokeo ya ligi za kulipwa, na makocha wakaanza kupanga ratiba wakiitazama. Bingwa wa kwanza wa gazeti hilo alitoka jimbo lako: Moeller ya Cincinnati, shule ya Kikatoliki ambayo chini ya kocha Gerry Faust ilishinda mechi 174 na kupoteza 17 kabla Chuo Kikuu cha Notre Dame hakijamchukua moja kwa moja kutoka sekondari. Mwaka 1983 jina lilikwenda Berwick, mji mdogo wa Pennsylvania, na mwaka 1984 likaenda Valdosta, Georgia, ambako mchezo huu una heshima ya ibada.

Baadaye zikaja kompyuta, na tovuti kama MaxPreps, iliyoanza 2002, zikakusanya matokeo ya nchi nzima. Namna kompyuta inavyopanga timu si siri. Huangalia nani kamshinda nani, wapinzani wa mpinzani huyo wamefanyaje, na katika baadhi ya mifumo tofauti ya pointi pia huhesabiwa, mpaka kila timu inapata alama moja inayoiweka mahali pake. Tatizo ni kwamba shule zinazocheza mchezo huu ni zaidi ya 14,000, na kila moja hucheza mechi 10 hadi 16 kwa msimu, karibu zote ndani ya jimbo lake. Mechi zinazovuka mpaka wa jimbo ndizo madaraja pekee ya kulinganisha Ohio na California. Daraja moja likilegea, hesabu ya jimbo zima huyumba: timu moja ya Ohio ikiteleza katika safari moja ya Agosti, hata shule zisizotoka nyumbani hushuka pamoja nayo.

Hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Bishop Gorman ya Las Vegas ilipoona kwamba Nevada haina wa kuipima, ilianza kutafuta wapinzani wenye majina kutoka nje, na ikashika nafasi ya kwanza 2014, 2015 na 2016. Mfululizo wake wa ushindi ulifika mechi 55, hadi Mater Dei ya Santa Ana, California, ilipokwenda kuuvunja huko huko Las Vegas mwaka 2017 kwa 35-21. Tangu hapo hadi 2024, ukiacha 2020 ambapo California haikucheza msimu wa vuli kwa sababu ya korona, nafasi ya kwanza imekuwa ikipokezana kati ya Mater Dei na St. John Bosco ya Bellflower. Shule hizo mbili zimo katika ligi moja ya shule sita na hukutana kila mwaka. Mwaka 2019 Bosco ilikuwa nyuma 28-5 mbele ya Mater Dei katika fainali ya kusini mwa California, na ikageuza matokeo kuwa 39-34. Sijui kama kuna fainali ya taifa ingeweza kuwa bora kuliko mechi ile, ingawa rasmi ilikuwa ya sehemu tu ya jimbo.

Nitaje na jambo linaloniudhi, kwa sababu linahusu kuaminika. Agosti 2021 timu iliyojiita Bishop Sycamore, kutoka Columbus kwako, ilipewa mechi dhidi ya IMG Academy ya Florida katika uwanja wa Canton, ikaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa, na ikafungwa 58-0. Watangazaji wenyewe, mchezo ukiendelea, walisema hewani kwamba hawakuweza kuthibitisha sifa za wachezaji walizopewa. Timu hiyo ilikuwa imecheza mechi nyingine siku mbili tu kabla. Idara ya elimu ya Ohio ilichunguza na kuthibitisha kwamba hapakuwa na shule pale. Vijana wale walikuwa na miili halisi, na waliumizwa kwa ajili ya jina la shule isiyokuwepo.

Kaka wa Houston amejibu:

Nimewasoma kwa makini kaka zangu wawili waliotangulia, na nashukuru kwa kazi nzuri, lakini kuna jambo halijasemwa, na siwezi kulipita kimya kwa sababu naishi mtaa ambao jambo lenyewe lilitokea.

Orodha zote hizo za kabla ya miaka ya 1960, ziwe za Johlfs au za wengine, zilitegemea magazeti, na magazeti ya Kusini hayakuandika habari za shule za Weusi, au yaliandika mistari miwili. Hapa Texas shule hizo zilikuwa na chama chao tangu 1920, kilichosimamiwa kutoka chuo cha Prairie View, kwa sababu chama cha jimbo kilipokea shule za Weupe peke yake hadi 1967. Walicheza Jumatano na Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa viwanja vilikuwa vya wengine. Siku moja tu kwa mwaka Houston yote iliwatazama: Sikukuu ya Shukrani, Jack Yates dhidi ya Wheatley, mechi iliyoweza kujaza watu zaidi ya 30,000. Majirani zangu wazee wanakumbuka mavazi ya siku ile kuliko matokeo. Wanasema mama zao walianza kushona nguo mwezi mzima kabla, na mtu hakwenda uwanjani bila kofia.

Sasa tazama waliotoka katika chama kile: Joe Greene, kutoka Dunbar ya mji wa Temple; Bubba Smith, kutoka Charlton-Pollard ya Beaumont; Jerry LeVias, kutoka Hebert ya mji huo huo wa Beaumont; Dick Lane, kutoka Anderson ya Austin. Mtu anayeufahamu mchezo huu anajua kwamba hao ni miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa waliopata kuucheza. Je, inawezekana kwamba hakuna hata timu moja kati ya zilizowalea iliyokuwa bora nchini katika mwaka wowote? Mimi siamini. Ninachoamini ni kwamba hazikuhesabiwa. Mtu akikutajia bingwa wa taifa wa 1950 au 1955, mpokee kwa heshima, lakini ujue kwamba mamia ya timu hazikuwa hata kwenye karatasi alipopatikana.

Ubaguzi ulipoondolewa, shule nyingi kati ya hizo zilifungwa au kugeuzwa kuwa za madarasa ya chini, na vikombe vyao, kama wazee wanavyosimulia hapa, vilitupwa pamoja na madawati. Jack Yates ilinusurika. Mwaka 1985 ilishinda mechi zake zote 16 na kutwaa ubingwa wa daraja la juu la Texas kwa kuifunga Permian ya Odessa 37-0 katika fainali. Ilikuwa shule ya kwanza kutoka chama kile cha zamani kufanya hivyo katika mpira huu.

Huko Miami kuna Booker T. Washington ya mtaa wa Overtown, iliyofunguliwa miaka ya 1920 kwa watoto Weusi, ikashushwa hadhi wakati shule zilipounganishwa, ikarudishiwa madarasa ya juu mwaka 1999. Mwaka 2013 USA Today iliiweka ya kwanza nchini. Tangu mwaka huo hadi 2024 nafasi hiyo haijarudi tena kwa shule ya umma, ukiacha huo wa 2020 ambao watu hawakubaliani. Shule ya umma huchukua watoto wa mitaa yake. Shule binafsi haifungwi na mpaka huo, na huweza kumpokea kijana kutoka upande wa pili wa jiji au hata jimbo jingine, kwa masharti ya chama cha jimbo husika. Ndiyo sababu, dada, ya majina anayokutajia mwanao.

Jirani wa Concord amejibu:

Nimeishi Concord, mashariki ya San Francisco, kwa zaidi ya miaka 20, na ningekosea nisipoandika habari za De La Salle, kwa kuwa ndiyo timu iliyowafanya watu wengi waanze kujali nafasi ya kwanza kitaifa.

Shule hiyo ya wavulana ilifunguliwa 1965 na haikuwahi kumaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo hadi Bob Ladouceur alipokuja 1979. Alikuwa mwalimu wa dini. Alipostaafu mapema 2013, hesabu yake ilikuwa ushindi 399, vipigo 25 na sare 3. Katikati ya hesabu hiyo kuna kitu ambacho hakijawahi kuonekana tena: kuanzia 1992 hadi 2003 timu yake haikupoteza mechi hata moja. Mechi 151 mfululizo! Rekodi iliyokuwepo kabla, ya Hudson, mji mdogo sana wa Michigan, ilikuwa mechi 72.

Ningependa nikueleze walivyojiandaa, kwa sababu hilo linamhusu mwanao kuliko orodha. Kabla ya kila mechi, kila mchezaji aliandika kwenye kadi ndogo malengo yake ya wiki: katika mazoezi, katika chumba cha kunyanyua vyuma na katika mechi yenyewe. Kisha alisimama mbele ya wenzake, akaisoma, na akamkabidhi mwenzake mmoja ili amhoji baadaye kama alitimiza. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyepitia pale aliniambia kwamba kusoma kadi ile kulimtetemesha magoti kuliko mpinzani yeyote, kwa kuwa mpinzani hakuijua ahadi yake.

Oktoba 6, 2001, timu hiyo ilisafiri hadi Long Beach kukutana na Poly, shule kubwa ya umma iliyojaa vijana waliokuwa tayari wakitafutwa na vyuo vikuu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu zilizoshika nafasi ya kwanza na ya pili nchini kukutana uwanjani. Tulikwenda kwa basi, na bado naikumbuka tofauti ya maumbo wakati timu zinapasha moto: vijana wa Poly walionekana watu wazima, wetu walionekana watoto wao. Mchezaji mfupi kuliko karibu wote uwanjani, Maurice Drew, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Maurice Jones-Drew, alifunga tachidauni nne, na De La Salle ikashinda 29-15.

Mfululizo ulikatika Septemba 4, 2004, huko Seattle, timu ya shule ya Bellevue iliposhinda 39-20. Lakini vijana walikuwa wamekwenda kule wakiwa na msiba. Wiki chache kabla, mchezaji wao mmoja aliyekuwa amemaliza masomo na aliyebakiza siku mbili tu aende chuo kikuu cha Oregon alipigwa risasi na kufariki katika mji wa Richmond. Wengine waliandika kwamba Bellevue ilikuwa na mpango mzuri zaidi, na ilikuwa nao. Mimi niliziona nyuso za wale vijana kanisani, na sijawahi kuzungumzia mechi ile bila kutaja mazishi yaliyoitangulia.

Kuhusu kuonekana na vyuo, dada yangu, mwambie kijana atafute habari za Josh Allen. Alisoma Firebaugh, mji wa mashamba katika bonde la kati la California, akamaliza bila chuo kikubwa hata kimoja kumtaka, akapitia chuo cha miaka miwili cha Reedley, kisha Chuo Kikuu cha Wyoming, na leo ni kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, wa timu ya kulipwa ya Buffalo. Jerry Rice, mdakaji wa mipira aliyekuja kuwa gwiji wa ligi ya kulipwa, alitoka shule ndogo ya vijijini Mississippi ambayo haikuwahi kuwa karibu na orodha yoyote. Siku hizi video ya mechi ya Ijumaa inaweza kumfikia kocha wa chuo Jumamosi asubuhi. Shule iliyo juu kwenye orodha ina faida ya wapinzani wazuri na walimu wengi wa mchezo, hilo silipingi, lakini ina pia vijana watatu wanaogombea nafasi moja, na wawili kati yao watakaa benchi.

Mama wa Columbus amejibu:

Kaka zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimemsomea mwanangu majibu yote mezani, naye aliomba nirudie mara mbili ile sehemu ya kadi. Habari za Sycamore alikuwa anazijua. Anasema mmoja wa vijana wale alikuwa akicheza naye mpira wa kikapu bustanini. Za Houston hakuzijua kabisa, na akaniuliza kwa nini hawakufundishwa. Amesema kwa sasa atabaki shuleni kwake. Sijamwambia kwamba nilishusha pumzi.

Nina swali moja dogo lililobaki. Mzee yule wa Massillon alinitajia 1940 kwa sauti ya kawaida, lakini alipotaja 2023 sauti ilimkwama, akavua miwani na kuifuta. Sikumuuliza. Kulikuwa na nini mwaka huo?

Mzee wa Maktaba amejibu:

Dada, ulifanya vyema kutomuuliza, maana angeshindwa kumaliza.

Ohio ilianza mchujo wa kutafuta bingwa wa jimbo uwanjani mwaka 1972. Majina yote ya Massillon ya kabla ya hapo, ya jimbo na ya taifa, yalitokana na kura na maandishi. Kuanzia 1980 walifika fainali ya jimbo mara kadhaa na wakapoteza zote, zikiwemo tatu mfululizo za 2018, 2019 na 2020. Wapinzani wao wa Canton McKinley, ambao wamekuwa wakicheza nao tangu 1894, walikuwa na vikombe vya uwanjani, nao hawakuacha kuwakumbusha.

Mwishoni mwa Novemba 2023 walifika tena, wakiwa hawajapoteza mechi, dhidi ya Archbishop Hoban ya Akron, na mechi ikachezewa Canton, mji wa mahasimu wao wenyewe. Massillon ilishinda 7-2: tachidauni moja na nyongeza yake kwa upande wao, na kwa upande wa Hoban pointi mbili tu. Mechi ilibaki hivyo hadi filimbi ya mwisho. Mzee wako, kama umri wake ni huo ninaoukadiria, alikuwa ameusubiri usiku ule tangu ujana wake.